Frank Sutcliffe: Mpiga Picha Aliyefungwa na Kiangazi

Frank Meadow Sutcliffe hakuwa mtu wa safari. Wapiga picha wa zama zake walibeba masanduku yao mpaka Misri, Bara Hindi na Uchina wakarudi na mapiramidi na mahekalu ndani ya vioo vyao. Yeye takriban umri wake wote aliupitisha katika mji mmoja mdogo wa bandari, Whitby, ulio katika jimbo la Yorkshire, pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Walakini leo, wengi wa wale waliozunguka dunia hawatajwi ila na wataalamu, na picha za Sutcliffe zingali zinatundikwa kutani na watu ambao hata jina lake hawalijui.

Kabla sijaendelea, naomba msomaji alitie akilini jambo moja. Picha zilizompa Sutcliffe jina hazikuwa ndiyo kazi yake. Kazi yake, iliyomlisha yeye, mkewe na watoto watano, ilikuwa kupiga sura za wageni waliokuja Whitby kupunga upepo miezi ya joto. Zile za wavuvi, za wanawake wenye matenga ya chambo, za watoto wa gatini na za moshi wa alfajiri juu ya mapaa, alizipiga katika nafasi alizoziiba, nyingi bila ya mtu kumwagiza. Mkono uliompa mkate ulimnyima wakati, na vita baina ya mambo hayo mawili ndivyo vilivyokuwa maisha yake.

Whitby ni mji uliokatwa na mto, mto Esk, unaoteremka kutoka milimani ukaingia baharini baina ya majabali mawili. Upande wa mashariki nyumba zimepandana kama ngazi, mapaa yao ya vigae vyekundu, vichochoro vyao vyembamba, ambavyo mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa asingevistaajabia sana. Juu ya jabali pana kanisa la zamani, na mwenye kwenda huko hana budi kupanda vidato 199. Nyuma yake pana magofu ya nyumba ya watawa ambayo asili yake ni mwaka 657. Na kwa kuwa pwani hiyo imeelekea kaskazini, siku za katikati ya kiangazi mtu akisimama Whitby huliona jua likichomoza baharini, na jioni yake huliona likizama baharini vilevile. Kwa mpiga picha, hiyo ni neema isiyopatikana kila mahali.

Hakuzaliwa hapo. Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1853, Headingley, karibu na mji wa viwanda wa Leeds. Babake, Thomas Sutcliffe, alikuwa mchoraji wa rangi za maji, mtu mwenye shauku na kila sanaa mpya, upigaji picha ukiwemo. Frank alikuwa kifungua mimba katika watoto wanane. Alipopata umri wa kuajiriwa alitiwa ukarani katika kiwanda kimoja cha pombe huko Leeds. Hakudumu, na sijui kama kuna mja aliyesikitika kwa hilo, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho. Moyo wake ulikuwa katika kamera ya babake na katika kitabu kimoja cha Lake Price kilichofundisha namna ya kutengeneza picha. Kamera ya siku hizo ilikuwa sanduku zito la mbao, na mwenye kuichukua hakuwa na budi kuchukua pia vioo, chupa za dawa na hema la giza.

Mnamo mwaka 1870 hivi familia ilihamia Ewe Cote Hall, nyumba ya kale nje kidogo ya Whitby. Yaelekea baba alitumaini kuishi kwa kuchora bahari na milima. Haukupita muda, mwaka 1871, baba akafa. Frank alikuwa na umri wa miaka 18. Nyuma yake palikuwa na mama mjane na ndugu saba, na macho yote yakamwelekea yeye.

Hapa ndipo shauku ilipolazimika kugeuka kazi. Msomaji wetu anaijua hali hiyo, kwa kuwa ni nadra kupata nyumba katika mwambao huu isiyokuwa na kijana aliyeacha alichokipenda akaingia katika kilichopatikana, baba alipotangulia mbele ya haki. Sutcliffe alikuwa na bahati kidogo kuliko vijana hao, maana alichokipenda na kilichopatikana vilikuwa katika sanduku moja. Francis Frith, bingwa wa picha za mandhari, ambaye mwenyewe alikuwa ameipiga picha Misri na Falastini baina ya 1856 na 1860, alimpa kijana huyo kazi ya kumpigia picha za ngome na makanisa ya kale ya Yorkshire. Mwaka 1873 alikwenda mpaka Brantwood, kando ya ziwa la Coniston, akampiga picha John Ruskin, mwandishi aliyekuwa na neno zito kuliko wote katika mambo ya sanaa Uingereza. Kwa mtu wa miaka 19 hiyo haikuwa hatua ndogo.

Siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1875, alimwoa Eliza Weatherill Duck, binti wa fundi viatu wa Whitby. Sasa akaona apate studio ya haki, na mahali penye watu wenye pesa. Alikwenda mbali, kusini kabisa, katika mji wa Tunbridge Wells, mji wa matajiri na wastaafu waliokuja kunywa maji ya chemchemi kwa ajili ya afya zao. Biashara haikushika. Haukutimia mwaka mzima, mlango ukafungwa, na mwaka 1876 bwana na bibi wakarudi kaskazini.

Whitby walifungua studio katika karakana iliyoachwa tupu, mahali paitwapo Waterloo Yard. Karakana hiyo ilikuwa ya wachongaji wa jet, aina ya jiwe jeusi lichimbwalo katika majabali ya hapo, ambalo asili yake ni miti ya kale iliyogeuka jiwe. Mume wa Malkia Victoria alipokufa mwaka 1861 na malkia akakaa eda isiyokwisha, wanawake wa Uingereza walifuata mtindo, na mikufu na bizimu za jet zikauzika kwa wingi. Mtindo ulipopoa mafundi walipungua, na chumba kimoja chao kikamwangukia mpiga picha. Yaani msiba wa malkia ulijenga karakana, na kupungua kwake kukampa Sutcliffe paa.

Sasa tuitazame hiyo kazi ya kiangazi, kwani ndiyo iliyomfunga.

Reli ilikuwa imefika Whitby tangu 1836, mwanzo ikivutwa na farasi na baadaye kwa mvuke, na upande wa magharibi wa mto palikuwa pamejengwa nyumba kubwa za kupangisha wageni. Julai ilipoingia, waliteremka watu wa kila namna ya uwezo: wenye viwanda na jamaa zao, mapadri, wanasheria, waandishi na wachoraji kutoka London. James Russell Lowell, mshairi wa Kimarekani aliyekuwa balozi wa nchi yake Uingereza, aliupenda sana mji huo. Kila familia ilitaka kurudi nyumbani na picha yake. Bibi mwenye kofia ya manyoya, bwana mwenye mkufu wa saa tumboni, watoto waliovishwa nguo za mabaharia: hao ndio waliolipa kodi ya Sutcliffe, wakalipa viatu vya wanawe na makaa ya mawe ya baridi ijayo.

Studio za siku hizo hazikuwa na taa za kutegemewa. Zilikuwa na vioo vikubwa paani na ubavuni, na mpiga picha alifanya kazi kwa nuru ya Mungu. Katika latitudo ile mchana wa Juni huwa ni saa 17 hivi, na wa Desemba ni saa saba na kitu tu, tena wa mawingu. Basi wateja walikuja wakati nuru ilipo tele, na nuru ilipokwenda zake wateja nao walikwisha kwenda zao. Miezi mitatu ilibidi imlishe mtu miezi kumi na miwili. Wenzetu wanaongojea msimu wa watalii Malindi na Diani, na kabla yao wazee wetu waliongojea majahazi ya kaskazi, hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Na kazi yenyewe haikuwa kubonyeza na kuondoka. Miaka ya mwanzo kioo kilipakwa dawa ya kunata iitwayo kolodioni, kikatumbukizwa katika maji ya chumvi ya fedha, kikatiwa kamerani kingali kibichi. Mteja aliambiwa asitikisike kwa sekunde kadhaa, pengine shingo yake ikishikwa nyuma kwa chuma kisichoonekana pichani, kisha fundi akakimbia na kioo chumba cha giza kukisafisha kabla hakijakauka. Kikikauka, picha imekufa. Mtoto akipiga chafya, mambo yaanzwe upya. Kuanzia miaka ya 1880 vilienea vioo vikavu vilivyotoka dukani tayari, na kazi ikawa nyepesi kwa upande huo, lakini safu ya wateja haikupungua, na kila mteja alitaka aonekane mzuri kuliko alivyo.

Sutcliffe hakuipenda kazi hiyo. Hakulificha jambo hilo katika maandishi yake ya baadaye, ambamo alijifananisha na mnyama aliyefungwa mnyororo wa maili moja au mbili, sehemu kubwa ya kila mwaka. Nje ya dirisha lake, miezi ileile ya nuru nzuri, mashua za Uskoti na za Cornwall zilikuwa zikiingia bandarini kufuata heringi, samaki wadogo wa jamaa ya simu na dagaa wetu, ambao hushuka na pwani ile kwa makundi makubwa mwisho wa kiangazi. Gati lilijaa mapipa na chumvi, na wanawake wenye visu wakipasua samaki. Yeye yumo ndani anamnyoosha kola mfanyabiashara.

Kwa hivyo alijifundisha kuiba. Alfajiri, jioni, siku ya mvua ambayo wageni hawakutoka, na khasa baada ya msimu, wageni walipokwisha ondoka na mji ukabaki wa wenyewe, alilibeba sanduku lake la mbao akateremka bandarini. Mnyororo ulikuwa wa maili mbili, sawa. Basi akazijua maili mbili hizo jiwe kwa jiwe. Alijua ni saa ngapi moshi wa meko ya asubuhi hulala juu ya maji, na ni mwezi gani jua hupenya kichochoro fulani. Alirudi mahali pamoja mara nyingi mpaka nuru ikampa alichokitaka. Ukungu, ambao wapiga picha wengine waliukimbia kwa kuwa ulificha majengo, yeye aliufanya rafiki.

Na watu walimjua. Hili, kwa maoni yangu, ndilo lililo kubwa katika kazi yake. Mgeni aliyeshuka kwa treni na kamera angewapata wavuvi wamekunja uso au wamejipanga kama askari. Sutcliffe alikuwa mume wa binti wa fundi viatu wao. Katika picha zake mvuvi mzee ameegemea ukuta anazungumza na mwenzake, hana habari na kamera, au ana habari nayo lakini haimshughulishi. Wanawake wanatia chambo katika mishipi mirefu yenye mamia ya ndoana, kazi iliyofanywa kila siku na wake na mabinti wa wavuvi, vidole vikiganda kwa baridi. Wengine wanarudi na matenga ya konokono wa mwambani waliowabandua mawe kwa mawe, maili kadhaa kwa miguu. Picha moja maarufu inaonyesha safu ya watoto kutoka nyuma tu, wameinama kutazama kitu kilichoko majini, na suruali zao zenye viraka zinasema yote ya kusemwa juu ya umasikini wa nyumba zao. Hakuwafanya waonekane wa kuhurumiwa, wala hakuwapamba.

Yuko mmoja ambaye sina budi kumtaja. Tarehe 9 Februari 1861, miaka kumi kabla Sutcliffe hajawa mkuu wa nyumba yake, dhoruba kubwa ilipiga Whitby. Mabaharia wa boti ya uokozi walitoka mara tano siku hiyo wakaokoa watu. Waliporudi tena baharini boti ilipinduka, wakafa kumi na wawili kati ya kumi na watatu, mbele ya macho ya watu wao waliokuwa wamesimama gatini. Aliyesalimika ni Henry Freeman peke yake, naye ndiye aliyekuwa amevaa koti jipya la magome mepesi ya kuelea. Sutcliffe alimpiga picha baadaye akiwa nahodha wa boti ya uokozi, amevaa koti lilelile la namna hiyo, mikono ameikunja, ndevu zimemjaa. Ukiitazama sura ile huhitaji kuelezwa kisa.

Katika sisi wako wanaoichukia picha ya kiumbe, na wana hoja zao; na wako wanazuoni waliosema kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa tu, si umbo lililobuniwa kushindana na Muumba. Sitaingia katika ugomvi huo hapa. Nasema tu kuwa wavuvi wale hawakuacha majumba wala vitabu, na kilichobaki cha nyuso zao ni kivuli hicho.

Mwaka 1886 ndio uliokuja na fitina. Siku moja ya joto Sutcliffe aliwakuta watoto wa kiume wakicheza na mashua katika maji ya bandari, uchi kama walivyozaliwa, akawapiga picha. Aliiita Water Rats, yaani panya wa majini. Ni picha tulivu, maji laini, mwanga mweupe, vijana wanachekelea habari zao. Alipoitoa hadharani, makasisi wa hapo walikasirika wakamtenga na kanisa, wakidai kuwa itaharibu tabia za wanawake watakaoitazama. Kisha Mwana wa Mfalme wa Wales, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, akainunua nakala yake. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema hadharani kuwa mwana wa malkia ana kitu kichafu ukutani.

Sisi tuliosomeshwa chuoni kuwa tupu husitiriwa hatuwezi kuwacheka makasisi wale moja kwa moja. Lakini kila aliyekulia karibu na gati, Whitby au Mombasa, anajua kuwa watoto wa kiume huingia majini hivyo hivyo, na kuwa mama zao huwapigia kelele kwa kuchelewa nyumbani wala si kwa lingine. Kosa la makasisi, nionavyo, lilikuwa kuliona katika picha jambo ambalo katika bandari yenyewe walilipita kila siku ya joto bila ya kugeuza shingo.

Kuanzia hapo jina lake lilitoka nje ya Yorkshire. Mwaka 1888 jumuiya ya wapiga picha ya London iitwayo Camera Club ilimfanyia maonyesho yake peke yake. Medali za dhahabu, fedha na shaba zikamiminika kutoka miji mbalimbali, zikapindukia 60. Mwaka 1892 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Linked Ring, kikundi cha wapiga picha waliojitenga na chama kikuu kwa kutaka picha ihesabiwe sanaa kama uchoraji. Kampuni ya Kodak ilimpa kamera zake mpya za mkononi azijaribu, na kwa hizo alipiga picha nyepesi za barabarani na za sokoni ambazo sanduku la mbao lisingeweza.

Medali, hata hivyo, haziliwi. Mwaka 1894 alihamia studio kubwa zaidi katika barabara ya Skinner, upande ule wa mji walikopanga wageni, na kiangazi kiliendelea kumngoja mlangoni na makofia yake. Zile kamera ndogo za Kodak nazo zilikuwa na upanga wa pili: kufikia mwaka 1900, ilipotoka Brownie ya shilingi tano, mgeni aliweza kujipigia picha mwenyewe ufukweni. Mwenye studio aliyesomesha watoto kwa sura za wageni hakuweza kufurahia jambo hilo kwa moyo mmoja.

Nyumbani kwake kulikuwa katika kijiji cha Sleights, maili tatu hivi ndani ya bonde la Esk, baada ya kukaa miaka katika Broomfield Terrace mjini Whitby. Mwanawe wa kiume mmoja na mabinti wanne walikulia katika nyumba ambayo baba huonekana kidogo Julai na Agosti na sana Januari. Na bonde hilo lilimpa kazi yake ya pili ya wizi: wakulima wakivuna, farasi wakilima, vibarua wakipumzika kula mashambani. Wako wanaoziona picha hizo kuwa bora kuliko za bandari. Mimi simo, katika bandari alikuwa mwenyeji zaidi.

Tangu 1908 hivi alianza kuandika kila juma katika gazeti la Yorkshire Weekly Post juu ya picha, hali ya hewa, ndege na lolote lililompitia. Hakuacha mpaka mwaka 1930. Alikuwa na kalamu ya dhihaka, na aliowachoma zaidi ni wapiga picha wenye kuamini kuwa kamera ya bei kubwa itawaonea vitu.

Vita vya kwanza vya dunia viliifikia Whitby yenyewe tarehe 16 Desemba 1914, manowari za Kijerumani zilipoupiga mji kwa mizinga. Wageni walipungua, wavuvi wakaitwa vitani. Mwaka 1922, akiwa karibu na miaka 70, Sutcliffe aliuza biashara yake. Kwa mara ya kwanza tangu kufa kwa babake, kiangazi kilikuwa chake.

Hakukaa bure. Mwaka uliofuata alipewa uangalizi wa jumba la makumbusho la chama cha elimu cha Whitby, akashughulika na visukuku vya majabalini, vifaa vya mabaharia na vitu vya Kapteni Cook, aliyejifunza ubaharia katika mji huo. Kazi hiyo aliishika mpaka mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Mwaka 1935 chama cha kifalme cha wapiga picha, kilekile ambacho yeye na wenzake wa Linked Ring walikuwa wamejitenga nacho, kilimpa uanachama wa heshima.

Alifariki tarehe 31 Mei 1941, umri wake miaka 87, na akazikwa katika kijiji cha Aislaby, juu ya bonde la Esk. Vioo vyake vimehifadhiwa kwa idadi kubwa. Picha za wafanyabiashara na wake zao zilikwenda na wenyewe kwenye albamu za nyumbani, na nyingi zimepotea. Za wavuvi zingali zikiuzwa Whitby, na wanunuzi wake wakubwa ni wageni wa kiangazi.